Acha Kuwa Admini Kwenye Laptopu Yako Mwenyewe

Kuna ile grupu ya WhatsApp ambayo kila mtu ni admini. Kawaida ni ya kamati ya harusi ama ya mazishi. Ilianza na watu sita, wote wakapewa uadmini "ndio tusaidiane". Siku ya tatu mjomba amebadilisha picha ya grupu, ameweka yake akiwa amesimama kando ya gari ambalo si lake. Siku ya tano shangazi, akijaribu tu kuzima makelele ya simu, amemtoa mweka hazina. Hakuna mtu mbaya hapo. Ni vile tu kila kidole kilikuwa na nguvu ya kuharibu kila kitu.

Sasa fungua laptopu yako. Nenda kwenye mipangilio, ingia akaunti, usome neno lililo chini ya jina lako. Kama laptopu yako ni kama za wasee wengi ninaowajua, utapata wewe ni admini. Pengine hata hukujua. Hakuna siku uliomba, mashine ilikupa tu siku ya kwanza, na tangu hapo unafungua barua pepe, unatazama mpira kwa mitandao ya kuiba, unapakua vitu kutoka Telegram, yote ukiwa umeshika ufunguo wa nyumba nzima mkononi.

Mimi nasema rudisha huo ufunguo. Usiutupe, uweke kwa droo. Na najua hii si mada ya kuvutia, najua hata mimi ningepita. Wacha nikuambie venye nilifika hapa.

Laptopu ya nyumbani kwetu ni mtumba, zile za ex-UK. Ilikuja na akaunti moja, jina lake "User", haina paswadi, na ni admini. Aliyetuuzia alituambia ameiacha hivyo "ndio isiwasumbue". Na kweli haikutusumbua. Mimi nilihariri video zangu hapo. Mdogo wangu alifanyia homuwaki hapo na michezo yake. Mathe alitumia hiyo hiyo kujaza ritani za KRA kila Juni ikiisha, na kila mwezi kuandika taarifa ya pesa ya chama chao, juu yeye ndiye mweka hazina, halafu anaituma kwa barua pepe kwa akina mama wenzake. Sisi wote watatu tulikuwa mtu mmoja anayeitwa User. Kivinjari kimoja, paswadi zote zimehifadhiwa humo, za kwangu na za mathe zikiwa zimelaliana kama nguo kwa kamba.

Nilikuwa nimepewa kazi ya video ya ruracio. Mteja ametuma dipositi, anataka ikae ya kisasa. Kuna programu ndogo ya kuongeza mbwembwe kwenye video niliyoiona jamaa mmoja akitumia, nikaenda kuiangalia, inauzwa kwa dola, tena kila mwezi. Dola! Nikafanya kile wengi wetu hufanya. Nikatafuta kraki.

Niliipata kwenye chaneli ya Telegram, ikiwa zipu yenye paswadi, na maelekezo ya hatua nne. Moja, zima antivirusi, "itasema ni kirusi lakini ni uongo". Mbili, fungua zipu kwa paswadi 1234. Tatu, bofya kulia uchague iendeshwe kama admini. Nne, skrini ikififia na ukiulizwa kama unakubali, kubali.

Niliyasoma hayo saa nane usiku na sikuona kitu cha ajabu. Yasome tena wewe ukiwa umelala vizuri. Mlinzi aondoke langoni. Mzigo uje umefungwa (zipu yenye paswadi ni hivyo, antivirusi haiwezi kuchungulia ndani mpaka uifungue wewe). Mgeni apewe funguo zote. Halafu mwenye nyumba aseme karibu.

Na ilifanya kazi! Hicho ndicho kitu watu hawaelewi kuhusu hizi vitu. Programu ilifunguka, mbwembwe zikatokea, ruracio ikapendeza, mteja akalipa baki. Kama ingekataa kufunguka ningeshuku. Ilifunguka, nikalala.

Siku tatu baadaye chaneli yangu ilikuwa na jina lingine na ilikuwa mubashara, inaonyesha mzee fulani akieleza venye ukituma sarafu za kidijitali utarudishiwa mara mbili. Wafuasi wangu elfu nne na kitu, watu niliowatafuta mmoja mmoja, wanauliza kama nimeokoka ama nimechanganyikiwa. Chaneli ilirudi baada ya wiki tatu na video nyingi zikiwa zimefutwa. Iliniuma, lakini hiyo ni yangu, nilijitakia.

Ya mathe ndiyo sijaweza kuisahau. Jumamosi asubuhi alipigiwa simu na mama mmoja wa chama: "Mweka hazina, ule mchango nimetuma kwa ile namba mpya, umeuona?" Namba gani mpya? Mtu alikuwa ameingia kwenye barua pepe ya mathe, akasoma zile taarifa za miezi iliyopita, akaandika moja inayofanana kabisa, salamu zile zile, hadi "Mungu awabariki" ya mwisho, akabadilisha namba ya kutuma pesa tu. Mama mmoja alikuwa ametuma elfu nane na mia tano kabla wengine washtuliwe.

Mathe alirudisha hizo pesa kutoka mfukoni mwake. Hakuna mtu aliyemwambia arudishe. Na mkutano uliofuata, mtu akapendekeza vitabu viwe vinashikwa na watu wawili. Si ati wanamshuku, walisema, ni utaratibu tu. Miaka tisa amekuwa mweka hazina peke yake. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akaniambia, "Wewe kijana, hiyo mashine yako sitaigusa tena." Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Baadaye nilipoiwasha ile antivirusi na kufungua mipangilio yake, faili niliyoifungua ile usiku ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa orodha ya vitu vya kutochunguzwa. Mimi sikuiandika hapo. Ilijiandika, juu niliipa nguvu ya kujiandika.

Nilianza kusoma vile hii kitu hufanya kazi, na nilichoelewa ni hiki. Programu ukiifungua haijui wewe ni nani. Haijui wewe ni kijana mzuri wa mama fulani. Inajua tu imefunguliwa na akaunti gani, na inavaa nguo za hiyo akaunti. Akaunti ikiweza kufuta folda, programu inaweza. Akaunti ikiweza kuzima antivirusi, programu inaweza. Kwenye Windows kuna kastaarabu kidogo: hata ukiwa admini, programu zako za kawaida huenda zikiwa zimevaa nguo za chini, mpaka ile skrini ifififie na useme ndiyo. Ukisema ndiyo, zinavaa suti. Sasa hapo zinaweza kujiweka ziwe zinaamka na mashine kabla hata hujaingia, kusakinisha draiva, kufungua folda za kila mtu mwenye akaunti kwa hiyo kompyuta, na, kama ni zile za kufunga faili zako ndio ulipe, kufuta zile nakala za zamani ambazo Windows huwa imejiwekea pembeni ikiwa ulikuwa umeiwashia hiyo huduma.

Akaunti ya kawaida haiwezi hata moja kati ya hayo. Ikijaribu, dirisha linalotokea halina "ndiyo" na "hapana" peke yake. Linataka paswadi ya admini. Unaweza kudhani tofauti ni ndogo, lakini fikiria kidole chako. "Ndiyo" kidole kinabofya chenyewe, ubongo ukiwa bado unatoka jikoni. Paswadi lazima uikumbuke, uiandike, na hapo katikati kuna sekunde nne au tano za kujiuliza: huyu anataka nini? Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba kile kidirisha cha ndiyo na hapana, kwa mtu ambaye tayari ni admini, hawakihesabu kama ukuta wa usalama. Ni kengele tu. Ukuta ni akaunti.

Na ukuta huo una kazi ya pili ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Kila akaunti ina folda yake, na akaunti ya kawaida haiwezi kuchungulia folda ya mwenzake. Hiyo ina maana kama mathe angekuwa na akaunti yake mwenyewe, na mimi yangu ya kawaida, huo uchafu wangu wa saa nane usiku ungebaki kwangu. Paswadi yake ya barua pepe haingekuwa mahali mwizi angefika.

Lakini pia wacha niwe mkweli kwa upande ule mwingine, juu nimeona watu wakiuza hii ushauri kama dawa ya kila kitu: chaneli yangu ningeipoteza tu. Hata nikiwa na akaunti ya kawaida. Kwa sababu kuiba kile ambacho wewe mwenyewe unaweza kufungua hakuhitaji admini. Kivinjari chako kinahifadhi vidakuzi vinavyosema "huyu ameshaingia, msimuulize paswadi tena". Vidakuzi hivyo ni vyako, viko kwa folda yako, na programu yoyote iliyovaa nguo zako inaweza kuvibeba. Hivyo ndivyo chaneli ya Linus Tech Tips kule Kanada, moja ya kubwa kabisa za teknolojia duniani, ilivyochukuliwa Machi 2023. Mfanyakazi alifungua faili iliyojifanya ni ofa ya udhamini, vidakuzi vikaibwa, na paswadi pamoja na zile kodi za hatua ya pili hazikusaidia kitu, kwa sababu mwizi hakupitia mlangoni. Linus mwenyewe, anaitwa Linus Sebastian, alieleza hiyo yote kwenye video. Hao ni watu ambao kazi yao ni kompyuta.

Kwa hivyo siwezi kukuambia ukiacha uadmini umemaliza. Nakuambia umepunguza ukubwa wa moto. Chumba kimoja kinaungua badala ya nyumba. Kwa familia yenye laptopu moja, hiyo tofauti ni jina la mama yako kwenye chama.

Watu hudhani hii ni wazo jipya la watu wa usalama wa kutuchosha. Manze, mwaka 1975, mathe hata hajaanza nasari, wasomi wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi akiwa na haki chache kabisa zinazomtosha kumaliza hiyo kazi. Hiyo tu. Miaka hamsini. Kompyuta za Unix zilikuwa zinafanya hivyo, na Ubuntu tangu ianze mwaka 2004 huja na akaunti ya mkubwa wa wote ikiwa imefungwa.

Sasa tulifikaje hapa? Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa inakupa uadmini kwa akaunti za kwanza unazofungua wakati wa kuisakinisha, na hata haikuwa na ile skrini ya kufifia. Watengeneza programu wakazoea kwamba kila mtu ni admini, wakaandika programu zinazotupa vitu vyao kila mahali, na ukijaribu kuwa mtumiaji wa kawaida nusu ya vitu vinakataa kufunguka. Vista ilipofika madukani mwaka 2007 na kile kidirisha cha kuuliza, watu walikichukia hadi Apple wakatengeneza tangazo la kuicheka. Windows 7 mwaka 2009 ikapunguza maswali. Na hadi leo, Windows mpya kabisa ukiiwasha mara ya kwanza, akaunti ya kwanza unayofungua ni admini. Hata Mac ni hivyo. Tumerithi tabia ya mwaka 2001, wengine wetu tukiwa hatujazaliwa.

Halafu kuna kichekesho. Simu yako tayari imekunyima. Kwenye Android kila appu inapewa namba yake kama mtumiaji tofauti, na appu ya tochi haiwezi kufungua faili za appu ya benki. Wewe mwenyewe, uliyeinunua kwa pesa yako, si mkubwa kwa hiyo simu. Ukilazimisha kuwa mkubwa, ukairuti, appu nyingi za benki zinakataa hata kufunguka. Na hakuna mtu analia. Maisha yako yote yako humo, pesa, picha, mapenzi, na hujawahi kukaa chini ukasema ninahisi nimenyimwa uhuru. Kwa nini laptopu tu ndiyo tunataka tuwe wafalme?

Najua jibu moja, juu nililisikia ndani yangu pia. Nikiwa bado kampasi kabla niache, kompyuta za maabara zilikuwa zimefungwa kabisa. Huwezi kusakinisha kitu. Ukitaka programu unayohitaji kwa asaimenti unaandika barua, unasubiri, mwenye funguo yuko likizo. Tulichukia. Na nadhani tulikuwa na haki ya kuchukia, kwa sababu pale tulinyimwa na mtu asiyetujibu. Wengi mnaofanya kazi za ofisi mnajua hiyo hasira, ya kupigia simu mtu wa ITi ndio aje aandike paswadi ya kusakinisha printa.

Lakini laptopu yako si maabara ya mtu. Huko wewe ndiye mwenye funguo. Paswadi ya admini unaijua wewe. Unaweza kusakinisha chochote saa yoyote, tofauti ni kwamba unasakinisha ukiwa umeamua. Ni kama yule mtu ambaye hatembei na pesa zote mfukoni akienda mjini. Hajanyimwa pesa zake. Anajua tu matatu ya jioni.

"Mimi niko makini lakini." Sawa. Mimi pia niko makini, saa nne asubuhi. Yule wa saa nane usiku mwenye dedilaini ni mtu mwingine kabisa, na akaunti yangu ya kawaida imewekwa kwa ajili yake. Tena umakini wako hausaidii siku ambayo shimo liko kwenye kivinjari ama kwenye programu ya kusoma PDF, umefungua tu faili ya kawaida na uchafu umeingia. Hapo unaingia ukiwa umevaa nguo zako. Swali ni nguo gani ulikuwa umevaa.

Na kuhusu kraki, sitawahubiria. Najua dola inacheza vipi na najua dipositi ya video ni pesa ngapi. Nitasema tu vile mimi hufanya siku hizi. Natumia DaVinci Resolve ya bure, na laptopu ikizidiwa, maana hiyo inataka mashine yenye kifua, narudi kwa Kdenlive. Zile mbwembwe nimejifunza kuzitengeneza kwa mkono, zinachukua saa nzima, na kusema ukweli zinakaa poa kuliko zile nilizoiba. Lakini kama bado unapakua, basi kuwa na sheria moja: kitu cha bure kutoka kwa mtu usiyemjua kikiomba paswadi ya admini, kifute hapo hapo. Mchezo wa mpira haufai kutaka funguo za nyumba.

Kubadilisha kunachukua kama dakika kumi, ila mpangilio una maana, kwa hivyo soma kwanza. Usianze kwa kujishusha cheo. Anza kwa kufungua akaunti mpya: mipangilio, akaunti, watumiaji wengine, ongeza mtu. Windows itakusukuma uweke barua pepe. Tafuta ile njia ya kusema huna taarifa za huyo mtu, halafu ile ya kuongeza mtumiaji bila akaunti ya Microsoft. Ipe jina lolote, mimi yangu inaitwa Droo. Weka paswadi ya ukweli, si tarehe yako ya kuzaliwa, na uiandike kwa karatasi uiweke nyumbani, juu ukiisahau utanitafuta. Kisha badilisha aina yake iwe admini. Toka, ingia kwa Droo, hakikisha inafunguka. Ukiwa ndani ya Droo sasa ndio uishushe akaunti yako ya zamani iwe ya kawaida. Faili zako zote, mandhari yako, kila kitu kinabaki palipokuwa. Wewe unaendelea kuishi kwa akaunti yako ile ile, na Droo huiingii tena. Ikihitajika, itaulizwa paswadi kupitia dirisha tu. Wale mnaoshiriki mashine, kila mtu apewe yake ya kawaida, yenye paswadi. Hata wa miaka kumi.

Mimi nimeongeza moja inaitwa Majaribio. Haina barua pepe, haijaingia popote. Kitu nisichokiamini nakifungulia huko, na kikiwa kibaya, kitaiba nini? Haimaanishi hakiwezi kufanya ujanja mwingine, lakini chaneli yangu haiko hapo.

Kero zipo. Wiki ya kwanza niliulizwa paswadi hadi nikataka kuacha, kwa sababu ndiyo wiki unayogundua vitu ulivyosakinisha vibaya. Baada ya hapo zinapita siku nyingi bila kuulizwa. Masasisho ya Windows yanaendelea yenyewe, appu za duka la Microsoft zinaingia bila shida, na programu nyingine kama Chrome zinaweza kujisakinisha kwa akaunti yako tu bila admini. Wenye michezo iliyo na ulinzi wa kuzuia wezi wa mchezo mtaulizwa zaidi, hiyo siwezi kuwadanganya. Printa yetu ya zamani ilinipa taabu jioni nzima. Na hakuna akaunti itakayokurudishia faili zikifungwa au zikifutwa, kwa hivyo kazi za wateja zangu huwa kwa diski ya pembeni ambayo naichomoa nikimaliza kunakili. Ikibaki imechomekwa haina maana.

Mathe alikaa miezi minne bila kuigusa laptopu. Taarifa za chama alikuwa anaziandika kwa kitabu na kupiga picha kwa simu. Juni ilipofika, ritani zikamlazimisha. Nilimkalisha, nikamwonyesha jina lake kwenye skrini ya kuingilia, peke yake, na nikamwacha aandike paswadi yake mwenyewe nikiwa nimegeuza uso. Akauliza, "Na wewe unaweza kuingia hapa?" Nikamwambia kwa akaunti yangu siwezi, ila kwa ile ya admini ningeweza kulazimisha, kwa sababu huo ndio ukweli. Akafikiria. Akasema basi hiyo paswadi ya admini aishike yeye.

Kwa hivyo sasa karatasi iko kwa mkoba wake wa kanisa. Nikitaka kusakinisha kitu namuomba, na ananiuliza ni cha nini, na lazima nieleze hadi aelewe. Jana mdogo wangu alienda kumwomba kwa ajili ya mchezo fulani. Akaulizwa ameutoa wapi. Akasimama hapo mlangoni kwa muda, halafu akasema wacha tu.